Ta Kahangwa: Miaka Thelathini na Mmoja ya Kuuliza

Tarehe 30 Juni 2025, Ndugu Projestus Kahangwa anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha ushauri hapa Rwamishenye. Sisi tunamwita Ta Kahangwa, kama mtu anavyomwita baba yake.

Alikuja mwaka 1994, akiwa amesoma falsafa seminarini na kuacha kabla ya upadre. Aliamini kwamba taabu nyingi za nyumbani hukua kwa sababu mtu ameshikilia jambo bila kulichunguza. Kwa hiyo aliuliza: umejuaje? Hata mpishi wetu akisema chai imekwisha, aliulizwa hivyohivyo. Siku hizi huja na birika tupu mkononi.

Habari ya Hamidi, Ta Kahangwa mwenyewe ameomba tusiifiche. Hamidi, fundi cherehani wa Kahororo, alimjia mwaka 2011 akisema maisha yake hayana maana. Kwa majuma sita walijadiliana maana ni nini, na Ta Kahangwa alikuwa akitusimulia jinsi mtu yule alivyo na akili. Juma la saba Hamidi alijiua.

Mazikoni watu walikuwa wachache. Ta Kahangwa alimwendea baba wa marehemu, Mzee Bashiri.

"Mzee wangu, siku ya Jumanne mwanao alikuwa kwangu. Nilibishana naye, kumbe anaumwa. Sikuona."

"Mimi niliyekuwa nakula naye sikuona," mzee alijibu, akaondoka.

Tangu hapo hakuna anayeketi mbele yetu bila kuulizwa kwanza kama analala, kama anakula, kama anatamani kufa. Anayetamani kufa, Ta Kahangwa humsindikiza hospitali yeye mwenyewe na kumngoja mpaka aonwe na daktari.

Ndivyo alivyompokea Edvina wa Muleba mwaka 2019. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa amezama ziwani, na wakwe walimwita muuaji, mpaka naye akajiita hivyo. Alikuwa anatamani kufa, kwa hiyo alitibiwa kwanza hospitali. Aliporudi kituoni, nami nilikuwemo chumbani nikijifunza kazi, Ta Kahangwa alimuuliza, "Asubuhi ile, ulijua mtoto yuko wapi?"

"Kwa bibi yake."

"Na bibi?"

"Alidhani amenifuata kwenye shamba la kahawa."

"Huyo mama wa asubuhi ile unayemhukumu, yaani wewe, alijua unayoyajua leo?"

"Hapana. Lakini mtoto hayupo."

"Hayupo, mama. Hilo sina jibu lake."

Wakwe hawakumsamehe na ndoa ilivunjika. Edvina amerudi kwao, analima, na bado yapo majuma anayokuja hapa kulia tu. Ila hajiiti tena muuaji.

Ta Kahangwa, asante kwa kutufundisha kuuliza, na kwa kutuonyesha pale ambapo swali halitoshi. Unarudi Nshambya kwenye kibanja chako cha migomba. Tunakuombea afya njema, majirani wema, na usingizi ambao kazi hii ilikunyima.