Sista Aselefech na Pedi Nyepesi za Kwaresima

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa Sene, kwa kalenda yetu ya Ethiopia, Sista Aselefech Gebreyes anarudisha funguo za chumba cha vipimo baada ya kutumikia hapa miaka thelathini na mmoja. Mimi ni mhudumu wa wodi, si mtu wa kalamu, lakini wenzangu wamesema niandike mimi kwa kuwa nimekaa naye kuliko wote. Mungu anisaidie.

Alianza kama muuguzi wa zamu kwenye wodi ya fistula, ya wanawake waliotoboka kibofu kwa uzazi mgumu. Waliomsumbua moyo ni wale wanawake ambao tundu lilishashonwa likaziba, na bado mkojo unawatoka wakikohoa au wakijitwika mtungi. Daktari Yilikal alipoanzisha utafiti wa kuona kama mazoezi ya misuli ya nyonga yatawasaidia, Sista ndiye aliyekabidhiwa mafunzo na vipimo. Mama anavaa pedi, anakunywa maji, anatembea, anapanda ngazi, anakohoa, kisha pedi inawekwa kwenye mizani.

Wanawake wa milimani wana haya sana. Yeye aliwavunja mbavu. "Kaza, dada! Kaza kama uko kanisani, padri yuko mbele yako, na tumbo limejaa shiro ya dengu!" Wodi nzima ilicheka, na wakicheka wanavuja, na wakivuja anawaambia, "Haya, sasa mmejua tunatafuta nini."

Mwaka wa kwanza wa utafiti, Kwaresima ilipoingia, pedi zikaanza kuwa nyepesi. Tulimshukuru Mungu. Daktari akaandaa ripoti ya kwenda kuisoma mkutanoni Addis. Pedi ya Yeshiareg, mama kijana wa milima ya Gayint mwenye msalaba uliochanjwa kombo kwenye paji la uso, ilitoka kavu kabisa. Wiki ya mwisho ya mfungo tulimvika gauni jipya kama tunavyowavika waliopona, tukampigia vigelegele mpaka getini. "Sista, Pasaka hii nakula sinia moja na watu!" alisema.

Pasaka ikapita, na waliobaki wodini wakalowa wote. Hapo ndipo Sista alipoelewa. Katika mfungo mkuu hatuli wala hatunywi mpaka saa tisa, na vipimo vilikuwa vya asubuhi. Yale maji ya kipimo alikuwa akiwasamehe. Nani angemlazimisha mama wa watu avunje mfungo? Na sisi sote, Daktari akiwemo, tulikuwa na kiu ileile. Hakuna aliyeshtuka kwamba kibofu kikavu hakina cha kuvuja.

Alikwenda mwenyewe kumwambia Daktari aitupe ripoti. Sauti zilitufikia koridoni.

"Unajua unachonifanyia, Aselefech? Jina langu limeshatangazwa!"

"La Yeshiareg nalo limetangazwa kanisani kwao kuwa amepona. Tuanze upya, Daktari."

Wakaanza upya, wakipima jioni. Safari hii wengine walipata nafuu ya kweli, wengine ikabidi wafanyiwe upasuaji tena. Leo hakuna mama anayetoka hapa kabla hajanywa maji na kupimwa. Hiyo ni kazi ya Sista.

Lakini Yeshiareg hakurudi. Sista alipanda basi akamfuata Gayint, asimkute. Jirani alimweleza kwamba alilowa palepale kwenye karamu ya Pasaka, mbele ya wakwe zake, na kesho yake akaondoka bila kuaga. "Alisema Mungu amemnyang'anya uponyaji kwa ajili ya dhambi zake." Nilimpokea Sista siku aliporudi. Hakutaka hata kahawa. Tangu hapo, kila mama anayetoka upande ule, humtazama kwanza paji la uso.

Wiki iliyopita tulimfanyia kahawa ya kumuaga, tukamzawadia shali ya pamba. Alituvunja mbavu kama kawaida yake, akatukohoza wote, Daktari pia. Baadaye akanivuta pembeni.

"Akija, mwambie Mungu hakumnyang'anya kitu. Ni mimi niliyempa kisichokuwepo. Kisha unipigie."

"Nitakupigia, Sista."

"Na umpe maji kwanza. Atakuwa ametoka mbali."

Sista wetu, ahsante kwa wote uliowafundisha kukaza na kucheka. Tunakuombea afya, usingizi mtamu, na magoti ya kukufikisha kanisani kila Jumapili. Mapaji ya uso nitayatazama mimi sasa. Wewe pumzika, ila simu usiizime.