Mzee Geti na Ukumbi wa Ziwani

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya banda la Kinyozi, na chupa ya kahawa ambayo tunapokezana zamu ya kuileta. Tuko wanne. Kuna Kinyozi mwenyewe, ambaye hunyoa huku anabishana, ndiyo maana wateja wake hawatulii kitini. Kuna Redio, fundi simu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kuzimwa. Kuna Mzee Geti, anayechomelea mageti na madirisha kwenye karakana ya jirani. Na mimi, fundi cherehani, ambaye wananiita Sindano. Jumanne ile Mzee Geti alikuja saa nne asubuhi bila ovaroli, akakaa ncha kabisa ya benchi. Binti yake anaolewa, na amechagua ukumbi wa ziwani, ule wenye bustani inayoteremka hadi majini. Mzee alitakiwa atoe jibu kabla ya saa kumi, la sivyo ile Jumamosi ya harusi wangepewa watu wengine. Na sote tulijua kwamba Mzee Geti hajakanyaga ziwani tangu kijana wake wa kwanza, mwenye miaka kumi na saba, alipoingia kuogelea asionekane tena. Imepita miaka minane. Pale benchini hatukuwahi kumtaja hata siku moja. Hatukukaa kikao tukakubaliana, ilitokea hivyo tu.

MZEE GETI: Nipeni akili, jamani. Mtoto kang'ang'ania ziwani. Nimwambie nini?

KINYOZI: Mwambie upepo. Mimi nazijua nywele. Anakaa saluni saa tatu nzima, akifika pale dakika tano tu, utadhani kaamshwa usingizini.

REDIO: Na viatu! Visigino virefu kwenye nyasi zenye maji? Waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu walikuwa wametoka kwenye harusi ya bustanini.

KINYOZI: Wale hawakuwa wanaongelea viatu, Redio.

REDIO: Guu ni guu.

Mzee Geti akatabasamu kidogo. Tulipoona jino lake tu, tukapata nguvu.

REDIO: Halafu sauti. Juu ya maji sauti haina breki. Mkipiga vigelegele huku, wa ng'ambo wanasikia, wanasema ah, tumealikwa. Utapikia ng'ambo mbili, mzee wangu.

KINYOZI: Watavuka na nini?

REDIO: Mwenye njaa hakosi chombo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe kasia.

KINYOZI: Jembe!

REDIO: Sasa majini utalima nini?

MIMI: Na lile shela, mita tatu. Likishika upepo, bibi harusi anapaa.

Nilisema hivyo bila aibu, wakati shela lenyewe lilikuwa mezani kwangu, nimeshalipunguza kwa sababu binti aliniomba nifikirie upepo. Alikuwa amefikiria kila kitu, yule mtoto.

KINYOZI: Mimi namshuku bwana harusi. Vijana siku hizi wanaoa picha, mke ni nyongeza.

REDIO: Siyo picha. Sikilizeni siri. Ukumbi wenye kuta nne, anachoahidi mwanamume kinabaki ukutani. Ziwani upepo unachukua. Miaka miwili baadaye mke anasema, "Uliniahidi." Jamaa anamjibu, "Nani alisikia?"

KINYOZI: Wewe mke wako ulimwoa wapi?

REDIO: Ukumbini. Ndiyo maana nateseka.

MZEE GETI: Bwana harusi hana neno. Yeye alitaka ule ukumbi wa karibu na soko. Ni binti tu. Mama yake naye keshakubali. Nimebaki mimi.

Akawa anajisugua mkono, pale penye makovu ya cheche.

MZEE GETI: Jana nilijaribu. Niliaga kama naenda kununua vyuma, nikafika pale barabara inapoanza kuteremka. Miguu ikakataa. Nikarudi, nikamwambia mama yao duka nimekuta limefungwa.

Redio haogopi kitu duniani kama kimya, basi akakurupuka.

REDIO: Mzee, kubali tu yaishe! Posa umepokea, kadi zimechapwa, watu wameshaambiwa. Maji ukishayavulia nguo...

Akakwama hapohapo. Methali ile hata mtoto wa darasa la kwanza anaimalizia, lakini siku ile hakuna aliyeimalizia. Nguo za yule kijana zilikutwa juu ya mawe, zimekunjwa vizuri, shati juu ya suruali. Redio alikuwa mmoja wa waliozikuta. Ndiye aliyezibeba mpaka nyumbani kwa Mzee Geti, na siku hiyo hakusema neno njia nzima.

REDIO: Nisamehe, mzee wangu. Huu mdomo wangu, wallahi...

MZEE GETI: Malizia.

REDIO: Siwezi.

Niliona uso wa Redio unavyokunjamana, nikashindwa kuvumilia. Kulikuwa na neno nimelimeza kwa wiki mbili.

MIMI: Mzee, binti alipokuja kupima gauni nilimuuliza kwa nini ziwani. Akaniambia siku ile alikuwa naye.

MZEE GETI: Najua alikuwepo.

MIMI: Kaka yake alimpa ndala zake, akamwambia, "Nishikie, narudi sasa hivi." Akazishika mpaka jua likazama. Anasema kaburi hakuna, na yeye hajui pengine pa kwenda kumwalika kaka yake. Anataka kaka yake amwone akiolewa.

MZEE GETI: Mbona mimi hakuniambia?

MIMI: Anasema nyumbani kaka yake hatajwi. Aliogopa kukuumiza.

MZEE GETI: Na nyie je?

KINYOZI: Sisi tulikuwa tunakulinda, mzee.

MZEE GETI: Mnanilinda na mwanangu?

Kinyozi akachukua kitambaa akaanza kufuta mkasi uliokuwa safi.

MZEE GETI: Miaka minane nakuja hapa kila asubuhi. Mnaongea mpira, mnaongea bei ya sukari, mnaongea wake zenu. Na mimi nakaa hapa nasubiri, labda leo mmoja ataniambia, "Unakumbuka kijana wako alivyofanya vile?" Hata kama ni utundu wake. Hakuna. Nikasema basi, wenzangu wamemsahau, nimebaki naye peke yangu.

Tulikuwa hatujamsahau. Mimi nilimshonea sare zake zote za shule, na kila mwaka niliacha pindo refu maana alikuwa anarefuka upesi. Lakini ningesemaje wakati huo? Niliona aibu, na nilimwonea Mzee Geti uchungu. Tulidhani tunamfanyia wema.

Wakati huo akatokea msichana mmoja mwenye faili kwapani. Hatukuwa tunamfahamu.

MSICHANA: Shikamooni, wazee. Natoka ule ukumbi wa ziwani. Namtafuta baba wa bibi harusi.

MZEE GETI: Marahaba. Ni mimi.

MSICHANA: Binti yako amesema jibu la Jumamosi nilifuate kwako. Na kuna hili jingine. Viti vya mbele tunaviwekea kadi zenye majina ya familia. Ameandika zote kwa mkono wake, isipokuwa hii. Amesema hii nije nikuulize wewe.

Akampa kadi ndogo nyeupe. Juu iliandikwa kwa mwandiko mzuri: Kaka wa bibi harusi. Chini palikuwa patupu.

MSICHANA: Anaitwa nani?

Mzee Geti akafungua mdomo. Midomo ikajikunja kwa herufi ya kwanza, sauti haikutoka. Akanitazama mimi. Akamtazama Kinyozi, aliyemnyoa yule kijana tangu anapandishwa kwenye kibao ili afikie kioo. Akamtazama Redio. Watu wazima wanne, jina tunalijua sote kama tunavyojua ya watoto wetu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kulitamka. Tulikuwa tumekaa nalo kimya mno.

Msichana akatutazama mmoja mmoja, kalamu mkononi.

MSICHANA: Samahani, wazee. Nimeuliza vibaya?

MZEE GETI: Hujauliza vibaya, mwanangu. Kutoka hapa mpaka kwenu ni mwendo gani kwa miguu?

MSICHANA: Kama robo saa hivi.

MZEE GETI: Basi twende. Nitakutajia tukifika, nikiwa nayaona maji.

Akainuka, kadi kaishika kwa mikono miwili. Kinyozi akaliacha banda wazi akamshika mkono mmoja, mimi nikamshika wa pili, Redio akatangulia mbele na yule msichana bila kusema kitu, na kahawa tukaiacha kwenye vikombe.