Ukungu wa Mbata Kifuani mwa Ioteba
Wapendwa waombolezaji, aliyelala mbele yenu ni Ioteba Kaitira, na anayewasomea wasifu wake kwa niaba ya familia ni Ruatu, mdogo wake wa tumbo moja.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962 hapa Tuarabu, kisiwani Abaiang, akasoma shule ya misheni hadi mwaka 1976, kisha akaanza kupasua nazi, na mwaka 1989 chama cha kijiji kikamkabidhi ghala la mbata, yaani nazi zilizokaushwa, akakaa humo miaka ishirini na saba, akigeuza magunia na kuvuta ule ukungu wa kijani unaotimka kama unga. Alimwoa Nei Tererei tarehe 3 Juni 1987, wakajaliwa mabinti wawili, waliotupa wajukuu watano.

Mwaka 1998 aliugua kifua kikuu, akameza dawa zote akapona, ila pafu lilibaki na tundu. Alipoanza kutema damu, Agosti 2016, sote tulisema kifua kikuu kimerudi, makohozi yakapimwa mara tatu pasipo kuonekana kitu, nasi tukabisha, tukamtengea sahani na kikombe, tukamjengea kibanda ufukweni, yeye na mkewe, na nafasi yake katika maneaba, ukumbi wetu huu, ikakaa tupu miaka mitatu. Ruatu huyuhuyu ndiye aliyempigia kelele, "Usisogee, kaka, wajukuu wapo hapa!" naye akajibu, "Haya bwana, nitakula na kaa wa pwani, wao hawana mapafu." Tulicheka. Mungu atusamehe.

Septemba 2019 daktari kule Tarawa alitazama picha ya kifua, akasema huu ni ukungu uitwao aspajilasi, wa jamii ileile inayoota kwenye mbata, umejiviringa ndani ya tundu la zamani, na haumwambukizi mtu mwingine hata kidogo. Dawa ilikuwa imechelewa. Tulipanda mashua kwenda kumrudisha nyumbani, akafariki tarehe 2 Oktoba kabla hatujafika.

Tunamshukuru daktari aliyetuambia ukweli, wauguzi, majirani waliochimba kaburi, na wapasua nazi wenzake.

Lakini hata sasa Nei Tererei ameketi nje, chini ya ukingo wa paa, na kikombe chake cha kutengwa mkononi, kwa sababu bado tunaogopa kwamba mumewe alimwambukiza, na hakuna aliyemtandikia mkeka. Jeneza halitainuliwa mpaka aketi mahali pa mumewe. Ingia, shemeji. Nipe hicho kikombe, ninywe mimi wa kwanza, watu wote wanione.

Kaka, ulale kwa amani, na ukiweza, utusamehe.