Ndimu na Cherehani Iliyonyamaza

Marehemu babu yetu, mliyemzoea kwa jina la Ndimu, hakupendwa na wote. Baba mkubwa aliniomba niandike kwamba alipendwa na wote, maana marehemu hasemwi. Shikamoo baba mkubwa, lakini hapana. Babu angeamka.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, nyuma ya kituo cha reli, mtoto wa tatu wa mpiga kengele wa kituo hicho. Shule ya msingi alisoma jirani na kiwanda cha sabuni. Sekondari alimaliza mwaka 1967, baada ya kusimamishwa wiki mbili kwa kusema, mbele ya wazazi, kwamba hotuba ya mwalimu mkuu ilikuwa na vichwa vitatu na haina miguu.

"Nani kakuuliza?" mwalimu mkuu alifoka.

"Wewe, Mwalimu. Umesema mwenye maoni anyooshe mkono."

Mwaka 1974 gazeti lilimpa safu ya kuhakiki michezo ya kuigiza. Kabla ya kuandika alijiuliza: namwandikia nani? Hakukubali jibu la "wasomaji". Alimchagua mtu mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwenye jioni moja tu ya mapumziko kwa wiki. Akamfuata kazini, akamsomea.

"Kaka," fundi alisema bila kuinua macho, mguu ukikanyaga, "umenieleza mwandishi kasoma wapi na pazia limetoka wapi. Sasa mimi niende, au nibaki nikalale?"

Babu alichana karatasi, akaandika upya. Ikawa ndiyo kanuni yake: cherehani ikiendelea, anachana; ikinyamaza, anapeleka kwa mhariri. Walioana tarehe 14 Agosti 1976. Fundi huyo ndiye bibi yetu.

Mwaka 1989 mwenye ukumbi mkubwa, rafiki wa mhariri, alileta mchezo wake mwenyewe. Babu aliandika: "Mfalme anakufa onyesho la kwanza, na ndiye mwenye bahati kuliko sisi tuliobaki." Mhariri akamtaka aombe radhi. Babu akajibu, "Mchezo uanze kuwaomba radhi watazamaji, mimi nitafuata." Safu ikaondoka. Kalamu ikabaki. Tangu hapo aliandika kwa mkono na kubandika kwenye mlango wa chumba cha kushonea cha bibi, kila Ijumaa. Watu walisimama kusoma, wengine kubishana naye. Hata mwenye ukumbi alionekana pale, kofia kaishusha mpaka puani.

Wala hakuwa mtu wa kuponda tu. Igizo la shule yetu, lisilo na pazia wala taa, alilisifu mpaka kinyozi akafunga duka kwenda kulitazama. Ila hakuwa mtu rahisi. Alihakiki hata hotuba ya harusi ya baba mkubwa, harusi ikiwa bado inaendelea, na baba mkubwa hajasahau.

Novemba iliyopita figo zilianza kumsumbua. Akiwa wodini alitupa maoni yake: daktari yuko vizuri, uji umekosa shabaha, na mgonjwa wa kitanda cha nne anaigiza. Kisha akaniambia, "Wasifu wangu andika wewe. Msomee bibi yako kwanza. Cherehani isiponyamaza, chana." Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Juni, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bibi.

Jana mchana nilimsomea bibi akiwa anapinda gauni la mteja. Rasimu ya kwanza ilikuwa ile ya "alipendwa na wote". Mguu wake haukupumzika hata kidogo. Nikachana. Nikaanza kusoma hii. Mguu ulisimama kwenye neno "hakupendwa", na haukukanyaga tena mpaka nilipomaliza.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanane, na mlango wenye alama za gundi ambao hatutaupaka rangi.

Apumzike kwa amani. Na amani hiyo ikiwa na kasoro, aiseme.