Vitabu Elfu kwa Mkupuo

Fundi cherehani alifumba macho kwenye kiti cha treni, maana anayejifanya amelala husikia vizuri zaidi. Mbele yake nesi alikuwa akipiga soga na kinyozi, mtu baki aliyekuwa akipekua kitabu cha nesi huyo, alichokiomba “mara moja tu, dada.”

“Nataka kununua kile kifaa cha kusomea, kinabeba vitabu elfu,” nesi alisema. “Shemeji yangu anaazima kila kitabu, harudishi hata jalada.” Kinyozi akacheka. “Sasa hivi anaondoka na kimoja kimoja. Nunua hicho, uone atakavyobeba vyote elfu kwa mkupuo!” “Nitakificha.” “Halafu utakisomea wapi, uvunguni?”

Treni ikasimama. Kinyozi akaaga kwa adabu zote, akashuka na kitabu cha watu kwapani.