Nashukuru Kabla ya Mbio za Ziwani

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na leo naomba asifiwe pamoja na miguu yangu, maana yenyewe ndiyo imenileta mbele yenu.

Mnanifahamu. Mimi ni Feza, Mama Bitondo, yule muuza mawese wa sokoni hapa Kasongo. Katika kanisa hili nimeimba nyuma ya kwaya miaka mingi, na hamjawahi kuniona nimeshika mikro kusema na watu. Juma hili mimi na rafiki yangu tunapanda pikipiki kwenda Kalemie. Tunakwenda kukimbia mbio za kilomita ishirini na moja kando ya Ziwa Tanganyika, barabara ya kupanda na kushuka vilima. Mume wangu, Baba Bitondo, aliniambia, "Ngoja kwanza urudi. Ukifika mwisho wa mbio, ndiyo utashuhudia." Nikamwambia hapana. Nikingoja nifike, mtadhani Mungu alinitendea siku ile. Mungu alikwisha kunitendea huku kwetu, kabla sijayaona hayo maji.

Sasa nisikilizeni, niwaeleze nilivyokuwa.

Mimi ni mtu wa kijiji cha Wamaza, Mubangubangu kwa baba na kwa mama. Nilikuwa mke kijana, Bitondo bado ananyonya, siku watu wenye bunduki walipoingia kijijini. Sitaeleza yote ya siku ile. Wengi wenu mnayo ya kwenu. Nilichosikia kwanza kilikuwa miguu. Kabla ya risasi, kabla ya kelele, nilisikia miguu ya watu wengi ikipita mbio kwenye njia ya nyuma ya nyumba, nami nikamfunga mtoto mgongoni nikakimbia nao. Tulikimbia porini mpaka pumzi ikakatika. Baba Bitondo alitupata baadaye upande wa Kabambare, na kutoka huko tukatembea hadi hapa. Tulifika wazima sote watatu. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Lakini, ndugu zangu, mwili wangu haukujua kwamba tumefika.

Kila niliposikia mutu anakimbia, hata mutoto anayefukuza kuku, kifua kilinibana, nikachuchumaa pale pale huku nimefunika kichwa. Siku moja sokoni walimfukuza mwizi wa simu. Watu wakapita mbio katikati ya meza zetu. Mawese yangu yalimwagika yote, na mimi walinikuta nyuma ya choo cha soko, nguo zimelowa. Aliyekuja kunitoa alikuwa Mama Zaina, mwenye duka la chumvi na sabuni linalotazamana na meza yangu. Alifungua kitenge chake cha juu, akanifunga kiunoni, akanishika mkono tukapita katikati ya watu kana kwamba tunarudi kununua vitunguu.

Wengine walisema nina pepo. Wengine walisema majini ya mto yamenipanda. Niliombewa, nikafunga chakula, nikaombewa tena. Kila mara nilipata amani ya siku chache, kisha mutoto apite mbio uani, nami narudi chini.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa Bitondo. Mtoto yule alijifunza kutembea nyumbani polepole kama bibi kizee. Akitumwa chumvi, alikwenda polepole, akarudi polepole. Wenzake wakija kumwita kwenye mchezo, aliwaambia kwa sauti ya chini, "Musikimbie hapa. Mama yangu iko ndani." Nilimsikia mara nyingi. Nililia juu ya sufuria ya mboga ya sombe, na akiniuliza nilisema ni moshi.

Ndipo Mungu alipotumia ugonjwa wa mtu mwingine.

Mama Zaina mnamwona, ameketi pale karibu na mlango, mwenye mtandio wa kijani. Ni Mwislamu, wa familia za zamani za mji huu, na leo amekuja kunisikiliza. Mpokeeni vizuri. Dokteri alikuwa amemkuta na ugonjwa wa sukari, akamwambia atembee kila asubuhi. Akaja mezani kwangu.

"Feza, mimi siwezi kutembea peke yangu barabarani kama mutu aliyepoteza mbuzi. Twende wote."

Nikamwambia, "Mama Zaina, mimi naogopa njia. Mutu akipita mbio, nitaanguka."

Akasema, "Na mimi naogopa sukari. Tutaogopa pamoja."

Basi tukaanza. Yeye akitoka kwenye sala yake ya alfajiri, mimi nikitoka kwenye maombi yangu, tulikutana mbele ya duka lake tukashika barabara ya Kabambare mpaka juu ya kilima cha kwanza. Pikipiki ikija kwa kasi, alisimama upande wa barabara ili inipite mbali. Tulizungumza habari za wakwe, za bei ya chumvi, za watoto. Ilikuwa kutembea tu. Kiangazi kikaisha, mvua zikaanza, tukaendelea kutembea kwenye matope.

Asubuhi moja tulipofika juu ya kilima, Mama Zaina akaanza kutoa jasho lisilo la kutembea. Akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Nikadhani anatania. Kisha akakaa chini kwenye majani, macho yakageuka, na hakunijibu tena. Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu, hapakuwa na pikipiki. Kituo cha afya kilikuwa chini kabisa, pale mteremko unapokwisha. Nilimlaza ubavu, nikasema, "Mungu wangu, usimchukue huyu," nikaondoka.

Ndugu zangu, sikumbuki mteremko ule. Nakumbuka tu kwamba muganga wa zamu, kijana mmoja mwenye koti jeupe, alinishika mabega mlangoni na kuniuliza, "Mama, unakimbia nini? Iko nini nyuma yako?"

Nikamwambia, "Nyuma yangu hakuna kitu. Iko mutu juu ya kilima. Ana sukari. Kuja na dawa, kuja upesi."

Aliruka kwenye pikipiki na mfuko wake. Mimi sikungoja kubebwa. Nilifuata kwa miguu, nikapanda kilima kile kile mbio. Nilipofika juu, Mama Zaina alikuwa amekaa, ameegemea kifua cha yule kijana, kikombe cha maji ya sukari mdomoni, maana sukari yake ilikuwa imeshuka mno. Akanitazama miguu. Ilikuwa peku. Malapa yangu sijayaona mpaka leo.

"Feza, umekuja mbio?"

"Ndiyo."

"Na kifua?"

Nikaweka mkono kifuani. Moyo ulikuwa unapiga kwa nguvu, lakini kama moyo wa mtu anayetwanga mpunga, moyo ulio kazini. Hakuna kilichonibana. Tulishikana tukacheka, tukalia, tukacheka tena, hadi yule kijana akasema huenda sukari imetupanda sote wawili.

Miaka yote ile nilijua kukimbia kitu tu. Siku ile nilimkimbilia mtu. Hapa kanisani tunaimba kila Jumapili kwamba tunamkimbilia Mungu, nami nilikuwa naimba kwa mdomo. Pale juu ya kilima, miguu yangu iliuelewa ule wimbo.

Sitawadanganya kwamba hofu iliondoka yote kwa mara moja. Ilirudi kunijaribu. Lakini sasa nilikuwa na cha kuijibu. Nilimwambia Mama Zaina kwamba nataka kukimbia tena, kidogo tu, nione. Nikakimbia kutoka mchikichi mmoja mpaka mwingine, nikasimama, nikasikiliza kifua. Kesho yake nikaongeza mchikichi mmoja. Mama Zaina, ambaye sasa hatoki bila ndizi mbivu ndani ya mtandio, alinifuata kwa hatua zake ndefu akinihimiza kama mtu anayepeleka ng'ombe. Baadaye naye akaanza kukimbia, miteremko tu. Kupanda, alisema, wameumbiwa wengine.

Nyumbani, Bitondo alikuwa bado anatembea polepole. Jioni moja nilimwambia, "Mwanangu, kimbia uende kwa shangazi, ulete chungu changu." Alinitazama kana kwamba nimelewa. "Nikimbie, Mama?" Nikamwambia, "Kimbia." Alikimbia. Aliporudi mbio alikwaa kizingiti, na chungu kile kikapasuka vipande mbele yangu. Baba Bitondo alitoka ndani amekasirika, akanikuta nimeketi chini kati ya vigae, ninapiga makofi.

Basi Halima, binti wa Mama Zaina aliyeolewa Kalemie, akapiga simu. Alisema kwao kutakuwa na mbio kando ya ziwa, wanawake wanakaribishwa, na barabara ina vilima vya kukomesha jeuri. Mama Zaina alizima simu akaniambia, "Mjukuu wangu anaota meno na sijamwona. Tutaenda. Wewe utakimbia yote, mimi nitakimbia ya kushuka, halafu nitambeba mjukuu." Yule kijana wa kituo cha afya alimpima, akamruhusu, ila akasema asiache ndizi.

Ili kujizoeza kwa vilima vya Kalemie, tulihitaji vilima. Vya hapa Kasongo tulikuwa tumevizoea. Mama Zaina akauliza, "Kwenu Wamaza, si kuna milima?" Sikuwa nimerudi Wamaza tangu siku ile. Usiku niliomba, asubuhi nikamwambia twende.

Tulifikia kwa mjomba wangu. Alinishika uso kwa mikono miwili akasema tu, "Umekonda, lakini umekuja." Kesho yake, kulipopambazuka, mimi na Mama Zaina tulivaa viatu vyetu vya mtumba, tukafunga vitenge juu ya suruali, tukaanza kukimbia kwenye njia ya katikati ya kijiji.

Ndugu zangu, hatukufikiri. Wanawake wawili wanakimbia alfajiri Wamaza, unadhani watu watasema ni nini? Milango ikafunguka. Mutu ametoka na godoro kichwani. Mwingine anafunga sufuria kwenye shuka. Mzee mmoja anavuta mbuzi kwa kamba na kuuliza, "Vita iko wapi? Wanatokea upande gani?" Na pale kwenye kona nikamwona mama kijana, anamfunga mtoto mchanga mgongoni kwa pupa hadi kitenge hakikazi.

Nilisimama. Nilimwendea, nikashika ncha za kile kitenge, nikamwambia, "Dada, tulia. Hakuna vita. Ni michezo tu. Sisi tunaenda Kalemie kushindana mbio." Hakuniamini. Akanitazama miguu, akamtazama Mama Zaina na mtandio wake na ndizi zake, akauliza, "Michezo? Nyinyi wamama?" Mama Zaina akajibu, "Sisi wamama. Na mimi ni bibi." Yule mama akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Mzee akafungua mbuzi wake. Mjomba wangu alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi.

Jioni tulikaa tukatafuta la kufanya, maana hatungeweza kuwatisha watu kila siku. Mama Zaina akasema, "Mutu anayetoroka haimbi." Basi tangu siku ile tunakimbia tukiimba. Mimi naanzisha pambio, yeye anaitikia zile anazojua, na zile asizozijua anapiga makofi. Siku ya pili watoto wa Wamaza walitufuata. Siku ya tatu yule mama kijana alimwachia mama mkwe wake mtoto, na yeye akaja, bila viatu, na juu ya kilima alitangulia mbele yangu. Nilikuwa nyuma ya watu wanaokimbia, nasikia miguu yao yote kwenye ile njia, na nilikuwa nimejaa furaha hadi nikakosa pumzi ya kuimba.

Hilo ndilo nililotaka mlijue kabla sijaondoka. Namshukuru Mungu aliyenitoa kifungoni. Namshukuru mume wangu, aliyevumilia mke wa kuchuchumaa na sasa anavumilia mke asiyekaa nyumbani asubuhi. Nawashukuru ninyi mlioniombea mkadhani maombi yamepotea. Hayakupotea, yalikuwa yananingoja juu ya kilima.

Na wewe unayenisikiliza, unayebeba hofu yako kimya na kudhani ni wewe peke yako, nakuomba umtegemee Bwana na usione haya. Usingoje hofu ikuishe ndipo uanze. Tafuta mtu mmoja wa kutembea naye, hata kama hasali mahali unaposali, mwambie ukweli, kisha toka nje asubuhi. Mungu anajua kutumia hata njia fupi.

Sijui kama nitafika mwisho wa zile kilomita. Wanasema ziwa lile halina ng'ambo inayoonekana, na mimi nimezoea mto wetu Lualaba, ambao ng'ambo yake naweza kumwita mtu akaitika. Huenda nitasimama kulitazama na wenzangu wakanipita. Nikiwa wa mwisho, nitakuwa wa mwisho kwa furaha.

Tuombeeni vilima tu. Mengine yote, Bwana ameshatenda.