Mama Vernetta, Leo Itikia Wewe

Mheshimiwa Diwani Pinkney, Mchungaji Hargrove, mwenyeji wetu katika ukumbi huu wa kanisa, Daktari Satterfield, Mwenyekiti wa Bodi, watabibu wenzangu wa muziki, uchoraji na dansi, wanafunzi wetu, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi akina mama wa jikoni, ambao harufu ya kuku wenu inaninyang'anya hadhira: habari za jioni.

Nimepewa kazi ya kumuaga mkurugenzi wa chama chetu cha watabibu wa sanaa, Mama Vernetta Gaskins, na nasema mapema kwamba siifurahii. Walioniteua walidhani nitawachekesha. Nitajaribu, lakini moyo umeninyong'onyea.

Nilimfahamu nikiwa mwanafunzi wa tiba ya muziki, Mweusi pekee darasani, katika wodi moja hapahapa Baltimore. Nilikuwa namwimbia mzee aliyepooza, ambaye hakuwa ametoa sauti tangu alazwe. Nilipomaliza mstari wa kwanza, binti zake wakaupokea, shangazi akaingia kwa sauti nzito, mgonjwa wa kitanda cha jirani akapiga makofi, na yule mzee akaguna. Mzee aliguna, ndugu zangu. Msimamizi wangu akaandika kwamba nimeshindwa kukiongoza kikao, nimeiacha familia iniingilie. Nikafelishwa. Nikaamua kuacha masomo nikauze viatu dukani kwa dada yangu.

Mtu mmoja akanipa namba ya mama huyu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza kulia, kisha akasema, "Mwanangu, hawakukuingilia. Walikuitikia. Huyo msimamizi hajawahi kukaa kanisani kwetu Weusi hata Jumapili moja? Haya, niimbie huo mstari." Nikamwimbia kwenye simu. "Mh. Sauti yako kama mlango unaodai mafuta. Lakini mgonjwa hakukata tiketi ya tamasha. Rudi shule, hao niachie mimi." Akaenda kuongea nao, nikapimwa upya na mtu anayejua kuitikiana ni nini. Wangapi humu ndani aliwapigania hivyohivyo? Naona mikono. Ishusheni, tutakesha.

Sasa niseme kinachoniuma. Mnakumbuka alivyokuwa akifungua mikutano ya chama chetu: anavumisha sauti moja isiyo na maneno, sisi tunaitikia, ndipo ajenda inaanza. Kisha mikutano ikahamia kwenye kompyuta. Sauti zikawa zinachelewa na kugongana, nasi tukazima vipaza sauti na kamera. Yeye akaendelea kuanzisha. Siku moja alicheka akasema, "Leo nimeimba na majina yenu kwenye kioo cha kompyuta. Majina hayana koo." Tukacheka naye. Hakuna aliyewasha kipaza sauti chake.

Na mchana kutwa alikuwa anaongea: na wafadhili, na hospitali, na vyuo, akieleza jambo lilelile kwa watu walewale, ili mimi na wewe tupate nafasi ya kukaa na wagonjwa wetu. Sauti ikaanza kukwaruza. Tukamletea chai ya asali na limau. Tukamwambia apumzike, halafu jioni tukampigia simu.

Kadi ya mwaliko inasema anastaafu. Hilo ni neno la adabu. Mmesikia wenyewe kwamba alipasuliwa koo majira ya kuchipua, na madaktari wamemwambia kuongea ataongea, kidogokidogo, lakini kuimba basi. Mtabibu wa muziki aliyetumikia muziki wetu hivi anaondoka bila sauti yake. Je, aliyewaitikia wote waliomwita, yeye alipoita, nani alimwitikia? Najuta, na sioni haya kusema hivyo mbele ya Diwani. Laiti tungewasha vile vipaza sauti, hata kama tungegongana.

Wajumbe wa Bodi, huyo mtakayemweka kwenye kile kiti, mwachieni siku zake za wagonjwa, na simu nyingine pokeeni wenyewe.

Naona Mama ananipungia mkono nikatishe, chakula kinapoa. Sawa, Mama, namaliza. Najua unatamani kuanzisha, ila usijaribu, daktari wako wa koo ameketi pale karibu na mlango na anakutazama.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa naomba makoo yenu. Simameni. Nitaanzisha mimi, kwa mlango wangu huuhuu unaodai mafuta. Mama Vernetta, wewe kaa. Safari hii kazi yako ni kuitikia tu, na hata ukigonga meza kwa kidole kimoja, tutasikia.